Kinyozi wa Mwananyamala anayewaweza watoto wanaoogopa mashine

Kama mwanao akiona tu mashine ya kunyolea mtaa mzima unajua, haya nimekuandikia wewe. Wanaotafuta fedi kali au kuchongwa ndevu, wapo mafundi wanaomzidi huyu, tena hapo hapo Mwananyamala.

Mwanangu ana miaka sita na ana usonji. Maneno anayo machache, lakini sauti anazisikia zote. Blenda ya jirani, honi ya bodaboda, jenereta la duka la dawa: anaziba masikio na kuinama. Mashine ya kinyozi ndiyo mbaya zaidi, maana mbali na mlio, inakaa juu ya fuvu na kulitetemesha. Na shule haina mjadala kuhusu nywele. Wiki ya kufungua, mwalimu wa zamu anakagua vichwa mstarini.

Saluni za kiume tulizopitia kabla ya hapa zilikuwa na dawa moja. Mwanaume mmoja ashike miguu, mwingine ashike kichwa, fundi amalize haraka, mtoto apewe pipi. Kichwa kinatoka kinang'aa, ila safari inayofuata kilio kinaanza tukiwa bado njiani. Pale mwisho waliniambia, "Mama, huyu umemdekeza." Nililipa nikaondoka.

Huyu wa karibu na kituo cha Kwa Kopa nilielekezwa na mama mwenzangu tuliyekutana kwenye benchi la kusubiria tiba kazi, ile ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku. Ni fremu moja, viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, televisheni inayoonyesha mpira muda wote. Mwanamke ukiingia kila mtu anageuka. Nilikaribia kurudi. Fundi mwenyewe, kijana mwembamba, akaja mlangoni na swali ambalo sijawahi kuulizwa na kinyozi: "Mama'angu, anachoogopa ni nini hasa? Mlio, kuguswa, au nywele zikimwingia shingoni?"

Nikamwambia mlio. Akachukua mashine mbili akanionyesha. Ile ya kuchomeka ukutani, ambayo vinyozi wengi wanaipenda kwa nguvu yake, ndani ina sumaku ya umeme inayovuta chuma cha meno. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo meno yanakwenda na kurudi kama mara 100 kwa sekunde, ndiyo ule muungurumo. Halafu unapoiwasha inagonga "tak!" kabla haijaanza kuunguruma, na watoto wengi wanashtushwa na huo mshindo kuliko mlio wenyewe. Ya pili ni ya kuchaji, ina mota ndogo, sauti yake nyembamba na inaanza taratibu. Akaipaka mafuta mbele yangu. Meno makavu, alisema, yanapiga kelele zaidi na yanapata moto, na mtoto akiungua kidogo tu nyuma ya sikio umeshampoteza.

Siku hiyo hakunyoa kitu. Alimpa mtoto mashine ikiwa imezimwa, akaisukuma juu ya kiti kama gari. Baadaye akaiwasha akiwa kule mlangoni, akaizima. Akaiwasha tena hatua mbili karibu. Mwisho akanigusisha mimi mgongo wa mashine mkononi, upande usio na meno, mtoto akiangalia, kisha akamgusisha yeye kwenye goti. "Leo inatosha." Akachukua elfu mbili ya muda wake. Nilitoka nimevimba, nimelipa na nywele zote ziko pale pale.

Tuliporudi ndipo nikaelewa nimelipia nini. Mtoto alipanda kiti mwenyewe. Fundi hamfungi lile joho la nailoni linalonata na kukwaruza. Alishaniagiza nije na khanga ya nyumbani. Anaikunja, anaikandamiza mabegani kwa uzito, maana mguso mwepesi mwepesi unawakera watoto wengi wa aina hii kuliko mkono uliotulia. Anaanzia kisogoni. Anahesabu kwa sauti, moja hadi kumi, na kumi ikifika mashine inazimwa hata kama amepitisha mstari mmoja tu. Mtoto akiinua mkono, inazimwa hapo hapo. "Nikimdanganya mara moja," aliniambia, "kesho hanipi kichwa." Masikioni anamalizia, na pale anatumia mkasi.

Mtaalamu wetu wa tiba kazi nilipomsimulia alitikisa kichwa kukubali tu: hatua ndogo ndogo, na mtoto awe na njia ya kusema basi ikasikika. Kijana hakwenda chuo cha mambo haya. Anasema kwao Ifakara ana mdogo wake wa hivyo hivyo, ndiye aliyemfundisha.

Sisemi atamfaa kila mtoto kwa njia hiyo hiyo. Wa yule mama mwenzangu anaupenda mtetemo, angeulalia mchana kutwa. Anachokichukia ni maji ya kupuliza. Fundi aliacha kumpulizia, basi.

Kasoro zipo. Kuna siku tulirudi nyumbani na nusu kichwa kwa sababu mtoto alisema basi na fundi akaheshimu. Jumapili kanisani tulivaa kofia na wazee wa kanisa walituangalia. Bei nayo: mtoto wa kawaida pale ni elfu tatu, wangu elfu saba. Mume wangu analalamika kila mara. Mimi naona dakika arobaini za kiti ni zake, angenyoa watu watatu. Kisichosameheka ni betri. Siku moja ilikufa katikati, akanyoosha mkono kuchukua ile ya ukutani kwa mazoea. "Tak!" Mwanangu tulimkutia kwenye duka la vocha. Ilibidi tuanze upya na mambo ya kugusisha goti. Sasa namuuliza kwanza kama amechaji, na haoni vibaya.

Usafi nampa alama nzuri. Meno anayapiga brashi, anayafuta kwa spiriti na kuyapitisha motoni kila anapobadilisha kichwa, na kwa jinsi mapunye yanavyosambaa madarasani hilo si dogo. Ila mkono wake una mazoea ya kumpaka mteja spiriti kichwani akimaliza. Ngozi iliyotoka kunyolewa inawasha kama pilipili, na kazi yote iliyofanyika inaweza kuharibikia hapo. Mwambie mapema kwamba hutaki. Mafuta ya nazi unaweza kwenda nayo.

Simu hapokei akiwa kazini, kwa hiyo usipange kwa simu, pita. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, kabla ya saa nne. Jumamosi usithubutu: jirani anayeuza spika anafungulia singeli kuanzia asubuhi na foleni inafika barabarani. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa ni hivyo hivyo, bora umpeleke wiki mbili kabla. Na hakikisha unakaa kiti cha ndani. Yule mwenzake wa kiti cha mlangoni ni mcheshi, ila ana haraka zake, na mashine yake ni ile ya ukutani.