Sonata za Scarlatti: namba za Longo au za Kirkpatrick?

Mtunzi wa Kiitaliano Domenico Scarlatti (1685–1757) aliacha sonata 555 za kinanda. Nyingi hazina jina, kwa hiyo bila namba huwezi kujua unaletewa ipi.

Mpiga piano Mwitaliano Alessandro Longo alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20: 500, kisha nyongeza ya 45. Alizipanga kwa mafungu kufuata ufunguo (toni ya msingi, kama E meja), ili mpigaji apate mfululizo wa kupiga ukumbini. Hapo ndipo alipoharibu. Katika miswada ya kale, sonata nyingi zimeandikwa mbilimbili, na Longo akazitenganisha. Tazama K. 380 na K. 381 (K. ni namba ya Kirkpatrick, L. ni ya Longo), zote za E meja, zinafuatana. Kwake ni L. 23 na L. 225! Isitoshe, aliongeza alama za nguvu ya sauti na "kusahihisha" migongano mikali ya sauti ambayo ndiyo ladha yenyewe ya Scarlatti.

Mpiga harpsichord Mmarekani Ralph Kirkpatrick, mwaka 1953, alifuata mpangilio wa vyanzo: K. 1 hadi 30 ni zile zilizochapishwa mwaka 1738, kisha hasa miswada. Jozi zikarudi pamoja. Ila usisome namba zake kama tarehe za utunzi. Mwaka ulio kwenye mswada ni wa kunakiliwa.

Tumia Kirkpatrick. Namba ya Longo iweke pembeni kwa ajili ya nota na rekodi za zamani, na angalia "L. S.": hiyo ni nyongeza, L. S. 1 si L. 1. Andika pia jina la Scarlatti, au "Kk.", maana K. hutumika kwa kazi za Mozart vilevile.