Laptopu iliyotumika inayokatakata tovuti za https: kosa la nani, na je, inunuliwe?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mezani leo nina laptopu iliyotumika, ya daraja la ofisi, zile nene zenye tundu la LAN, yaani la waya wa mtandao, ubavuni. Chapa nimeiziba kwa utepe makusudi. Hitilafu nitakayowaonyesha huenda ni ya mashine hii moja tu, na sitaki mtu aichukie kampuni nzima kwa ajili yake. Kibodi nzuri, kioo hakina doa, chaji inakaa. Hayo yameisha, tuje kwenye kero.

Tazameni hapa. Nimechomeka waya wa LAN, nimefungua Firefox, naingia kwenye barua pepe. Kufuli la https, alama kwamba mawasiliano na tovuti yamesimbwa yasisomwe njiani, lipo, ukurasa umefunguka. Nabofya ujumbe wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu... haya, umeona? Muunganisho salama umeshindikana, na chini kabisa, kwa yale maandishi madogo ambayo watu huyapita, kuna SSL_ERROR_BAD_MAC_READ. Nabofya kuonyesha upya, ukurasa unafunguka kama vile hakuna kilichotokea. Ukimuuliza muuzaji anakwambia, "Hiyo ni intaneti yako, bosi." Na kusema ukweli, mara nyingi wauzaji huwa sahihi. Kwa hiyo tuanze kwa kumpa haki yake, tuondoe kwanza sababu ambazo si za mashine.

Ya kwanza ni saa. Kila cheti cha tovuti, kitambulisho kinachothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kivinjari hulinganisha siku hizo na saa ya kompyuta yako. Vyeti vya siku hizi havidumu: Septemba 2020 kikomo cha cheti kipya cha tovuti kilishushwa hadi siku 398, vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, vimezoeleka kuwa vya siku 90, na kikomo kimepangwa kushuka hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Kadiri vinavyofupishwa, ndivyo saa iliyorudi nyuma miezi miwili tu inavyoweza kukufungia nusu ya intaneti. Kwenye laptopu kuukuu, ile betri ndogo ya saa, nyingi ni CR2032 ya volti 3, ikiisha na betri kubwa nayo ikazimika kabisa, saa inapotea. Unawasha asubuhi kila tovuti inakataa, baadaye Windows inavuta saa sahihi kutoka mtandaoni, mambo yananyooka, nawe unabaki kusema mtandao ulikuwa mbovu. Ila hapo kosa husomeka ERR_CERT_DATE_INVALID au linalofanana nalo, linataja tarehe waziwazi. Letu halitaji tarehe. Saa ya mashine hii nimeikagua, iko sawa. Tunasonga.

Ya pili ni antivairasi. Nyingi hupenda kukaa katikati: zinafungua mawasiliano yako yaliyosimbwa, zinayachungulia, kisha zinayafunga upya kwa cheti chao zenyewe. Zikikwama wakati wa kujisasisha, tovuti zinakataa kwa dakika kadhaa halafu zinarudi. Bofya kufuli, fungua cheti, angalia aliyekitoa. Ukikuta jina la antivairasi badala ya mamlaka ya vyeti, umeshampata mshukiwa. Zima kipengele hicho cha kukagua https peke yake, usiing'oe kinga nzima. Hapa kwetu cheti kinatoka panapostahili.

Na naomba nichomekee hili: kile kitufe cha kuendelea hata kama si salama, kwenye benki na barua pepe kiacheni. Watu wanakibofya kama wanafukuza nzi.

Ya tatu ni ukubwa wa pakiti, vile vipande ambavyo data hukatwa ili isafiri mtandaoni. Dalili yake ni ukurasa kuning'inia tu, unazunguka, unazunguka, mwisho unakata tamaa, huku tovuti nyepesi zinafunguka. Fungua Command Prompt, dirisha la amri la Windows, andika ping -f -l 1472 ikifuatiwa na jina la tovuti inayojibu ping; hiyo hutuma pakiti ya jaribio yenye baiti 1472 za data, isiyoruhusiwa kukatwa. Hizo 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500, kipimo cha kawaida cha LAN. Kwenye laini za PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa intaneti huunganisha wateja, kikomo ni 1492, kwa hiyo 1472 itakwama na 1464 itapita. VPN hushusha zaidi. Kupungua kwenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kifaa cha njiani kinapotupa pakiti kubwa kimyakimya bila kumwambia mtumaji apunguze. Tangu 2024 vivinjari kama Chrome hutuma salamu ya kwanza kwa tovuti ikiwa na ufunguo wa usimbaji wa kizazi kipya wa baiti 1184, basi salamu nzima haitoshi tena kwenye pakiti moja, na baadhi ya vifaa vya zamani vya ulinzi wa mtandao huikataa. Lakini mashine hii hainingʼinii. Inafungua, halafu inakatika katikati ya kazi.

Sasa turudi kwenye yale maandishi madogo, maana jibu lilikuwa limeandikwa pale tangu mwanzo. MAC hiyo ni alama ya uhakiki inayoambatana na kila kipande cha data iliyosimbwa. Ikibadilika biti moja tu njiani, alama haikubali, na muunganisho unavunjwa papo hapo. Ukurasa wa http wa kawaida ungeweza kupokea biti hiyo mbovu ukaonyesha rangi moja ya picha imekosewa, usigundue maisha yako yote. Kwa hiyo Firefox inatwambia kitu kizito: data iliyofika si ile iliyotumwa. Anayeiharibu ni nani?

Angalieni. Nachomoa waya, naunga waifai ya ruta ileile. Nafungua barua pepe, nafungua video, nashusha faili kubwa. Hakuna kosa. Narudisha waya, nashusha faili lilelile... limekatika. Basi RAM, kumbukumbu ya mashine, naitoa kwenye kesi, kwa sababu ingekuwa mbovu ingeharibu njia zote mbili. Waya huohuo nauhamishia kwenye laptopu yangu ya kila siku: kimya, kila kitu kinapita. Na hata waya ungekuwa mbovu usingeleta kosa hili, kwani kila fremu ya LAN, bahasha inayobeba pakiti, ina hesabu yake ya uhakiki ya biti 32; iliyoharibika hutupwa, ikatumwa nyingine, ukaona kasi imeshuka tu. Tumebaki na tundu la LAN na kadi iliyo nyuma yake.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kadi za siku hizi hazileti data tu, zinaikagua pia kwa niaba ya prosesa, ili prosesa ipumzike. Ni kama mkaguzi wa getini anayegonga muhuri kwamba mzigo ni mzima, halafu mzigo unaangushwa ndani ya ghala. Karani akiona muhuri hafungui tena. Data ikiharibika baada ya ukaguzi wa kadi, ikiwa inahamishwa kwenda kwenye kumbukumbu, Windows haina habari. Wa kwanza kushtuka ni kivinjari, kwa ile alama ya uhakiki.

Tujaribu. Device Manager, Network adapters, kadi ya LAN, Properties, kichupo cha Advanced. Natafuta TCP Checksum Offload, ule ukaguzi unaofanywa na kadi, ipo ya IPv4 na ya IPv6, zote naziweka Disabled. Mtandao unakatika kidogo, unarudi. Sasa ukaguzi umehamia kwa prosesa, mzigo ukiwa umeshafika ndani. Nashusha lile faili. Linaendelea... linaendelea... limemalizika. Barua pepe nayo, nabofya ujumbe baada ya ujumbe, haikatiki. Naziwasha tena mipangilio ile, na kosa linarudi. Hiyo kwangu ni hukumu tosha.

Lakini msishangilie mapema. Kadi haijapona. Bado inaharibu data, ila sasa pakiti mbovu zinagunduliwa mapema, zinatupwa na kutumwa upya. Ukaguzi huo wa TCP wenyewe ni wa biti 16, uharibifu wa bahati nasibu unaweza kuupenya mara moja katika 65,536. Kabla ya kuridhika nilijaribu draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, na haikubadilisha kitu. Tundu hili limeunganishwa kwenye bodi kuu, huwezi kuchomoa kadi ukaweka nyingine. Dawa ya kweli ni adapta ya USB ya LAN, na tundu la ubavuni ulizime kabisa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows, asije mtu akachomeka waya hapo.

Kwa hiyo tuinunue au tusiinunue? Kwa mtu wa waifai, ambaye waya hajawahi kuugusa, ni mashine nzuri na ningeichukua, mradi muuzaji apunguze bei. Kwa anayehifadhi mafaili ya ofisi kwenye seva kupitia waya, hapana. Faili linaloharibika kimya ni baya kuliko ukurasa unaokataa kufunguka.

Na ukiwa dukani unakagua laptopu yoyote yenye LAN, omba waya. Shusha faili la ISO, lile kubwa la kusakinishia mfumo wa kompyuta, la Debian au Ubuntu kupitia kiungo cha http, siyo https, kwa sababu hapa tunataka uharibifu upite tuuone. Kisha kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256; utapata mfuatano wa herufi na tarakimu ambao hubadilika faili likibadilika hata biti moja. Linganisha na ile SHA256 waliyoichapisha wenyewe kwenye tovuti yao. Rudia na faili jingine. Zikitofautiana, mrudishie muuzaji mashine yake, na akisema ni intaneti yako, mwombe achomeke waya uleule kwenye laptopu yake.