Chardonnay mbili za Adrianna: shamba moja, udongo tofauti

Ukitaka kujua udongo unafanya nini kwenye mvinyo, tafuta White Stones na White Bones za familia ya Catena, kutoka Mendoza, Argentina. Zabibu ni aina moja, Chardonnay. Shamba ni moja, linaitwa Adrianna, jina la binti mdogo wa Nicolás Catena. Mwinuko ni ule ule, jua ni lile lile. Kilichobadilika ni ardhi iliyo chini ya mizabibu, na hicho peke yake kinatosha kutoa mivinyo miwili ambayo nikifumbwa macho bado nitaitofautisha.

White Stones inatoka kwenye kipande kilichotandazwa mawe meupe ya mviringo, na chini yake kuna kokoto. Maji hayatuami hapo. Mvinyo wake una mwili, yaani unahisika mzito kinywani: peasi, limau, na utamu wa harufu unaofunguka kadiri glasi inavyokaa mezani. White Bones umebanwa zaidi. Udongo wake una tabaka za chokaa zenye mabaki ya mifupa ya wanyama wa zamani iliyogeuka kuwa mawe, ndiyo asili ya jina. Unywapo, uchachu wake unashika pembeni mwa ulimi na hauachii haraka, kisha inafuata ladha kama ya chumvi. Kwangu huu ndio bora kati ya hiyo miwili, na ndio unaohitaji subira zaidi.

Wapo wanaosema wanaonja chokaa yenyewe. Sikubaliani nao. Mzizi haunyonyi jiwe ukalipeleka kwenye tunda. Kazi ya udongo ni kuamua maji yakae au yapite, mzizi ushuke wapi, na mti uote kwa nguvu kiasi gani. Mzabibu uliolishwa na kunyweshwa kupita kiasi hutoa majani mengi na zabibu kubwa zenye maji mengi. Mzabibu uliopimiwa maji hutoa punje ndogo, na ladha ya mvinyo hujengwa humo. Kwa hiyo ninapousifu udongo wa Adrianna ninasifu unyimivu wake.

Lakini udongo huo usingekuwa na maana bila urefu wa mahali. Adrianna iko Gualtallary, wilaya ya Tupungato, karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Andes. Catena ni familia ya wakulima wa zabibu tangu 1902, pale Nicola Catena, mhamiaji kutoka Italia, alipopanda mizabibu yake ya kwanza. Mjukuu wake Nicolás ndiye aliyeamua kupanda Gualtallary mwaka 1992, ingawa msimamizi wake mwenyewe wa mashamba alimwambia Malbec, zabibu ya mvinyo mwekundu, haitaiva kule. Iliiva. Naheshimu sana uamuzi ule, maana mzabibu si mahindi: ukipanda pasipofaa, unakuja kujua baada ya miaka, fedha zikiwa zimeshazama.

Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6. Usiku wa Gualtallary ni baridi, na baridi hiyo huzuia asidi ya tunda isiteketee wakati linaiva. Mchana, kwa upande mwingine, jua ni kali kwa sababu hewa ni nyepesi na mionzi ya urujuanimno hupenya kwa nguvu. Zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda, na ganda ndilo lenye rangi na tanini, kile kinacholeta ukakasi kinywani. Ndiyo maana Malbec za huku juu zina wekundu mzito unaokaribia zambarau, na ukakasi wake ni laini, haukaushi kinywa.

Tabianchi yenyewe ni ya jangwa. Mvua ya Mendoza ni takriban milimita 200 tu kwa mwaka; mizabibu inaishi kwa maji ya theluji iliyoyeyuka Andes. Ukavu huo una faida: ukungu na magonjwa ya unyevu hayasumbui kama kwenye nchi za mvua nyingi, na mkulima ndiye anayeshika bomba. Hatari ya huko ni mvua ya mawe wakati wa kiangazi, inayoweza kufagia mavuno kwa dakika chache. Ukiona picha za mashamba ya Mendoza yamefunikwa nyavu, sababu ni hiyo.

Kwenye shamba hilo hilo la Adrianna kuna Malbec zinazotenganishwa kwa udongo pia. Fortuna Terrae, wenye udongo wenye kina, ni mpana na wa maua. River Stones, wa mawe ya mto, una nguvu na harufu ya matunda meusi. Ningependa kuusifu Fortuna Terrae zaidi, lakini ukiwekwa karibu na River Stones unafifia.

Kasoro kubwa ni bei. Chupa za Adrianna si za kununua kila mwezi, na sioni ubaya kusema hivyo. Malbec ya kawaida ya Catena ni nafuu na ni nzuri, ila imechanganywa kutoka mashamba ya miinuko mbalimbali, kwa hiyo haitakufundisha mahali pamoja. Njia ya katikati ni Malbec zao zinazotajwa kwa eneo. Nunua Lunlunta na Paraje Altamira, uzifungue siku moja. Lunlunta iko chini zaidi, karibu mita 920, na mvinyo wake ni mnene, una joto, plamu zilizoiva kabisa. Altamira iko juu ya mita 1,000, kwenye mawe yaliyopakwa chokaa, na mvinyo wake umesimama wima, una uchachu. Usianze na nyama. Onja kwanza zote mbili kavukavu, kisha uzirudie baada ya saa moja, maana Altamira huchelewa kufunguka.