Kadi ya VA na Kadi ya Wizara ya Ulinzi: Ipi Inafungua Mlango Gani Kambini?

Ndugu zetu waliolitumikia jeshi la Marekani wakatoka na ulemavu, wengi hudhani kadi ni kadi tu. Sivyo, na tofauti yake inaigusa familia nzima.

Kadi ya afya ya VA, yaani Idara ya Masuala ya Veterani ya Marekani, hupewa veterani aliyejiandikisha kwenye matibabu ya idara hiyo. Tangu Januari 1, 2020, mwenye ulemavu uliotokana na utumishi, hata wa kiwango kidogo, huingia nayo kambini kununua vyakula na bidhaa. Ni msaada mkubwa. Ila kadi hiyo ni yake peke yake: siku mgongo umekataa kunyanyuka kitandani, mke hawezi kuichukua akaenda kununua mchele na maziwa. Halafu kwenye duka la vyakula, akilipa kwa kadi ya benki, huongezewa ada ndogo.

Kadi ya Wizara ya Ulinzi, kwa upande wa veterani mwenye ulemavu, ni ya yule ambaye VA imempima kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Hapa mke na watoto hupata kadi zao wenyewe, na kwangu hilo pekee linatosha kuipendelea. Ada ile haipo. Ikiwa ulemavu ni wa kudumu, veterani anaweza hata kupanda ndege za jeshi zenye nafasi ndani ya Marekani.

Kwa hiyo kama barua yako ya VA imeandikwa asilimia 100, tafadhali usiishie kwenye kadi ya kwanza. Weka miadi kwenye ofisi ya vitambulisho vya jeshi, beba barua hiyo, fomu ya DD 214 (hati ya kuachishwa jeshi), cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.