Handel Hendrix House, London: uzoefu wangu kwa wanakwaya wenzangu

Kwaya nyingi za kwetu, kuanzia Mwanza hadi Mombasa, zina Haleluya ya mtunzi Handel kabatini, mara nyingi ni solfa (nota za do, re, mi) iliyonakiliwa mara nyingi mno hadi nukta zimefifia. Nyumba ilimoandikwa ipo bado, nambari 25 Brook Street, eneo la Mayfair, katikati ya London, na mlango uko wazi kwa yeyote mwenye tiketi. Handel aliingia humo mwaka 1723 nyumba ikiwa mpya, akakaa miaka 36 hadi alipofariki tarehe 14 Aprili 1759. Hakuwahi kuimiliki, alikuwa mpangaji hadi mwisho. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2001, na baada ya ukarabati mkubwa yakafunguliwa upya Mei 2023, safari hii pamoja na jiko la chini na vyumba vya mbele vilivyokuwa duka. Jina la Hendrix linatokana na fleti ya nyumba ya jirani, nambari 23, alikoishi mpiga gitaa Jimi Hendrix mwaka 1968 na 1969.

Nianze na jambo linalowavunja moyo wengi wanaokwenda bila kujua. Mswada wa Masihi, ile kazi ndefu ya kwaya ambayo Haleluya ni sehemu yake, ulioandikwa kwa mkono wa Handel, haumo humu. Umehifadhiwa British Library, karibu na stesheni ya King's Cross. Wala samani unazoziona hazikuwa zake. Alipofariki, vitu vya nyumbani viliorodheshwa chumba kwa chumba, kisha vikauzwa kwa mtumishi wake, John Duburk, kwa pauni 48. Orodha hiyo ndiyo iliyowaongoza waliopanga nyumba upya: kitanda chenye mapazia mekundu kimo kwa sababu kimeandikwa mle, na masufuria ya jikoni vivyo hivyo. Kwa hiyo ukienda kutafuta kiti alichokalia, utatoka mikono mitupu. Kilicho chake ni vyumba vyenyewe: ukubwa wake, ngazi zake, na namna sauti inavyosikika ndani yake. Kwangu mimi hilo ndilo linalostahili nauli.

Kufika ni rahisi. Ukitoka uwanja wa Heathrow, treni ya Elizabeth inakuleta moja kwa moja hadi Bond Street. Ukitokea upande wa Oxford Street, shika South Molton Street, barabara ya waenda kwa miguu, hadi mwisho, pinda kushoto kwenye Brook Street, kisha tazama juu upande wa kulia mpaka uone vibao viwili vya buluu vya mviringo kwenye kuta zilizopakana. Nyumba haifunguliwi kila siku ya wiki, kwa hiyo angalia tovuti yao kabla ya kupanga safari, na papo hapo tafuta siku ambayo kutakuwa na mtu anayepiga muziki katika chumba cha muziki. Nasisitiza hili: chagua siku kwa kufuata muziki. Kuzuru nyumba hii ikiwa kimya ni kama kuhudhuria ibada ambayo kwaya haikuja.

Tenga saa mbili. Nyumba ni nyembamba na imepanda juu, chumba cha mbele na cha nyuma katika kila ghorofa, kwa hiyo ngazi ni nyingi. Mwenye magoti mabovu aulize mapema jinsi atakavyosaidiwa. Anza chini jikoni na upande. Wengi hukimbilia fleti ya Hendrix kwanza, na wakirudi kwa Handel muda umekwisha.

Katika sebule za chini usikae sana, ila kumbuka kwamba nyumba hii ilikuwa pia ofisi: tiketi za maonyesho yake na vitabu vya nota viliuzwa hapa hapa mlangoni. Handel alikuwa mtunzi, mwongoza waimbaji na mfanyabiashara kwa pamoja.

Ghorofa ya kwanza, chumba cha mbele, ndipo mahali pa mazoezi. Kuta zimefunikwa mbao zilizopakwa rangi ya kijivu, sakafu ni mbao, na kuna hapsikodi, kile kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hukwanyuliwa badala ya kugongwa kama za piano. Cha hapa kina safu mbili za vibonye. Aprili 1735 Mary Delany, mama aliyekuwa jirani na rafiki, alialikwa humu kusikiliza mazoezi ya kwanza ya Alcina, opera yake, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Simama kwenye kona iliyo mbali na kinanda, kisha sikiliza. Hakuna mwangwi. Kila nota inaanza, inasikika, inakatika. Kwanyua, kimya, kwanyua, kimya. Mtu akiimba humo huhitaji kumwambia apaze sauti, na akikosea hana pa kujificha.

Sasa linganisha na makanisa yetu ya kuta za saruji na paa la bati, ambako sauti hurudi mara tatu kabla haijafa. Julai 1741, majuma machache kabla ya Masihi, Handel alitunga katika nyumba hii nyimbo za Kiitaliano za waimbaji wawili tu na kinanda, nyimbo za mapenzi na maua. Mwezi uliofuata alizichukua akazigeuza kuwa nyimbo za kwaya. Mmoja ukawa “Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa” na pia “Sisi sote kama kondoo tumepotea”. Mwingine ukatoa “Nira yangu ni laini”. Zile nota nyingi zinazokimbia, ambazo sauti ya kwanza hulalamika kila Desemba kwamba hazishikiki, ziliandikwa kwa koo mbili nyepesi katika chumba cha ukubwa huu. Kwaya ya watu 80 ikizivamia kwa nguvu ndani ya kanisa lenye mwangwi, nota zinapandana na maneno yanapotea. Dawa ni kuimba kwa sauti ndogo, kupunguza kasi kidogo, kugusa kila nota bila kuivuta, na kuacha sauti moja ikimbie huku nyingine zikikaa chini yake. Nimesoma maelezo mengi kuhusu nyimbo hizi, lakini hakuna yanayoeleza vizuri kama kusimama mita chache kutoka kwenye hapsikodi hiyo. Beba nakala ya kurasa hizo tatu nne, uzifuate kwa macho muziki unapopigwa.

Mlango wa nyuma wa chumba hicho unakuingiza katika chumba kidogo zaidi, alimotungia. Tarehe tunazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe kwenye mswada, tena siku za juma akizichora kwa alama za sayari: alianza Jumamosi tarehe 22 Agosti 1741, akamaliza sehemu ya kwanza tarehe 28, ya pili tarehe 6 Septemba, ya tatu tarehe 12, na siku mbili zaidi za kujazia sauti za vyombo. Jumla siku 24. Haleluya ndiyo inayofunga sehemu ya pili, hivyo ilikuwa tayari kwenye karatasi tarehe 6. Tazama pia ilipokaa: baada ya mateso na ufufuo, si kwenye kuzaliwa. Wanaoiimba Pasaka wako karibu zaidi na mpango wa kazi yenyewe, na Dublin, ilikosikika mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742, ilikuwa ni majuma ya kuelekea Pasaka. Vyombo alivyoandika mwanzo vilikuwa vichache: nyuzi, tarumbeta na ngoma. Kwaya yenye kinanda kimoja tu isijione fukara mbele ya kazi hii.

Ghorofa ya pili ni chumba cha kulala, alimofia. Miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu. Mwaka 1751, akiandika Jephtha, kazi yake nyingine ya kwaya, humu humu, aliacha alama kwenye karatasi kwamba jicho la kushoto limemlazimu asimame.

Kuna jambo jingine ambalo Mwafrika anapaswa kwenda nalo. Mwaka 1720 Handel alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza watu wetu utumwani. Mtu huyo huyo, kuanzia mwaka 1750, aliongoza Masihi mara kwa mara kuchangia Foundling Hospital, makao ya watoto waliotupwa, na akawaachia nakala ya kazi hiyo katika wosia. Yote mawili ni kweli, na siwezi kuimba moja huku nikilificha la pili.

Fleti ya Hendrix inatosha nusu saa. Alihamia Julai 1968 na rafiki yake Kathy Etchingham, kodi pauni 30 kwa wiki, na alipojua nani alikaa upande wa pili wa ukuta alikwenda kununua sahani za santuri za muziki wa Handel, Masihi ikiwemo. Chumba kimejengwa upya kwa kufuata picha. Kati ya vyote, kioo cha duara dufu ndicho chake halisi.

Ukiwa na siku nzima, tembea dakika chache hadi St George's, Hanover Square, kanisa alikosali. Kisha rudi Bond Street, panda treni ya Jubilee, na kituo cha pili ni Westminster. Ndani ya Westminster Abbey kuna kaburi lake, na juu yake sanamu ya marumaru iliyochongwa na Roubiliac. Sogea uisome karatasi aliyoishika: ni “Mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai”, wimbo wa kwanza wa sehemu ya tatu, kwa sauti moja ya soprano.