Patini za kriki kwa gari ya umeme, uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kwa wenye gari za umeme hapa Lubumbashi, na wale ambao yao bado iko njiani inangojea kutoka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, kitu cha kwanza cha kununua, mbele ya tapi, mbele ya kava za viti, mbele ya yote, ni patini za kriki, yaani za kuweka kati ya gari na kriki (jeki), kile chombo cha kuinyanyulia. Ni vile vipande vya duara vya kauchu ngumu ama poliuretani, juu viko na kichwa kidogo kinachoingia mu shimo chini ya gari, chini viko bapa ili vikae vizuri juu ya kriki. Seti inakuwa na vinne. Mimi niko na Tesla Model 3 iliyotokea Dubai, na hizi patini nimezitumia kwa kubadilisha pine (matairi), kwa kazi ya breki, kwa kuangalia suspansio kisha mashimo ya avenyu zetu kuikung'uta, na naona watu wengi wanauliza kama ni lazima kweli ama ni mambo ya kutukulia makuta bure. Ni lazima kabisa, na nitaeleza juu ya nini.

Gari ya kawaida mekanisie wetu anaijua hata usiku bila taa, anaingiza kriki, anatafuta shasi ama ule ukingo wa chuma chini ya milango, anapampu, imekwisha. Model 3 chini yake haiko vile. Kutoka karibu na pine za mbele mpaka karibu na za nyuma ni batri tupu, bapa, pana, peke yake inaweza kupita kilo 400, mu gari ambayo yote nzima iko kati ya kilo 1,600 na 1,850 hivi kufuatana na modeli. Kriki ikikosea sentimeta chache tu uzito wote ule unakaa juu ya kifuniko cha batri, na ndani kuko seli pamoja na njia za maji ya kuzipoza. Seli ikibonyezwa inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani, na hatari ya batri za namna hii ni kwamba moto unaweza usitoke palepale, unaweza kungoja masaa, gari imekwisha kulala mu parseli na watoto wamelala. Njo maana kitabu cha gari kinasema wazi: pointi za kunyanyulia ni nne tu, usiweke kriki chini ya batri wala chini ya reli za pembeni, na usinyanyue gari wakati kebo ya kuchaji imechomekwa. Hii ya kebo tuishike sana, juu huku kuran (umeme) ikirudi kila mtu anakimbia kuchomeka mbele ikatike tena, na mekanisie anaweza kufika akakuta gari inachaji.

Sasa hapa njo napenda tuelewane. Video nyingi za patini unaona mtu wa Marekani mu garaji yake ya nyumbani, sima (simenti) safi, kriki nzuri, anafanya kazi mwenyewe. Siye hapa haiko vile. Gari yako itanyanyuliwa na mwingine, kwado (fundi wa pine) wa pembeni ya barabara, mekanisie wa komine ya Kenya ama Kampemba, kijana anayejifunza kazi ambaye patro wake ameenda kutafuta vipuri, na ule kijana hajapata kuona gari isiyo na injini. Kwangu mimi patini kazi yake kubwa hapa ni kumwonyesha fundi mahali. Shimo la Model 3 ni dogo, ukiinama na vumbi jekundu limejaa huoni kitu, lakini patini ikikaa mu shimo inatokeza chini, nyeusi, iko wazi, na maneno yanakuwa mafupi: "Papa, kriki iguse hii kauchu tu, pengine popote hapana." Mzee mmoja wa kazi ambaye namwamini sana aliniuliza siku ya kwanza, "Patro, hii motokari mufupa wake uko wapi?" Nikaingiza patini zote nne, akalala chini akaziangalia, akazunguka gari yote, kisha akasema sasa ameona. Tangu siku ile akiona Model 3 ya mtu mwingine anauliza kwanza kama iko na patini, na bila patini hainyanyui. Ninamheshimu sana kwa hiyo.

Kwa hiyo patini zikae mu gari, hata kama uko na garaji kwako. Ukiziacha nyumbani na pine ikatoboka njia ya Kipushi, zimekusaidia nini? Na tukumbuke hii gari haiji na pine ya akiba wala kriki, kiwanda hakikuweka, kwa hiyo ukitoboka ni kwado ndiye atakuja na vyombo vyake.

Na hapo kwenye vyombo vya kwado njo kuko shida ambayo watu wa video hawaisemi. Kriki ya makwado wengi ni ile ya chupa, ya kusimama, ile ya malori. Hii hata ikiwa imeshuka yote, nyingi bado ziko na urefu wa sentimeta 18, 20. Model 3 kutoka chini yake mpaka udongo ni kama sentimeta 14. Haiingii! Na pine ikiwa bapa gari imeshuka zaidi, na patini nayo imekula nafasi yake. Fundi akiona kriki haiingii anafanya nini? Anatafuta mahali pengine palipo juu kidogo, anabandika kipande cha mbao chini ya mlango ama chini ya batri, na uko palepale tulipokuwa tunakimbia. Kwa hiyo ukinunua patini, nunua pamoja na kriki ya magurudumu ya chini, ile ndefu ya kuvuta, iwe ya tani 2 ama 3, na kabla ya kulipa upime na rula ikiwa imeshuka, ongeza unene wa patini, uone kama jumla inapita chini ya gari yako. Dawa nyingine ya barabarani ni kupandisha ile pine bapa juu ya ubao mnene polepole, unapata sentimeta tatu, nne, na mara nyingi zinatosha kwa kriki kuingia.

Kriki ndogo ya kuzungusha, ile inayokuja na gari zingine, hapana. Kichwa chake ni chembamba kiko na mfereji, patini haikai, inayumba. Patini inataka sahani pana ya kriki, iingie ndani ya ukingo wa ile sahani isimame wima. Ikiwa sahani ni ndogo kuliko patini, ukipampu utaona inaanza kuinama upande, hapo shusha upange tena, usiseme itashika tu.

Juu ya zangu zenyewe. Nilichagua za kauchu ngumu iliyochanganywa na poliuretani, bei haikufika dola 50 kwa seti, zilikuja mu mizigo ya ndugu aliyetoka Dubai. Kichwa chake kiko na pete ya kauchu, ile pete ndogo ya kuzunguka, na hii njo kitu nimependa zaidi ya yote: ukisukuma patini mu shimo inashika yenyewe, haianguki, unaweza kuweka nne zote halafu ndio uanze kazi, huhitaji mtu wa kushikilia na mkono wakati kriki inapanda. Niliona pia za aluminiamu tupu, zinang'aa, nzuri kwa macho, lakini chuma juu ya chuma inateleza na inakwangua rangi ya kuzuia kutu, na huku kwetu mvua za Novemba mpaka Aprili hazisamehe mahali palipokwanguliwa. Ziko na za kauchu laini sana, hizo nazo ukinyanyua zinabonyea mpaka chuma ya kriki inakaribia kugusa mwili wa gari. Bonyeza na kidole gumba, ikiingia kirahisi iache dukani. Kasoro ya zangu ni kwamba pete zimeanza kukauka kwa joto la mu kofa (sanduku la gari), moja imepasuka kidogo, nimetafuta nyingine kwa wauza vipuri vya mabomba nikapata yenye kipimo kile, makuta kidogo sana.

Wengine wanatumia kipande cha pine ya zamani kilichokatwa, ama mbao. Naelewa, sisi watu wa huku tunajua kujitengenezea. Lakini kipande kisicho na kichwa cha kuingia mu shimo hakishikwi na kitu, gari ikisogea kidogo tu kinateleza, na mbao ikibeba uzito mahali padogo inapasuka kwa kufuata nyuzi zake bila kukuonya.

Halafu usalama wa mtu mwenyewe, hapa nitasema kwa nguvu. Patini inalinda gari, mtu hailindi. Kriki ya mafuta inaweza kushuka wakati wowote, sili ikichoka imekwisha. Usiruhusu fundi aingie chini bila shandeli, ile chuma ya kusimama inayoshikilia gari, hata akikuambia ni dakika mbili. Shida ya Model 3 ni kwamba kriki ikikaa kwenye pointi, shandeli itakaa wapi? Ile pointi imekwisha kuchukuliwa. Namna tunavyofanya: shasi yake ni ngumu sana, ukinyanyua kwa pointi ya nyuma mara nyingi na pine ya mbele ya upande ule inaanza kuachana na udongo, basi unanyanyua nyuma, unaweka shandeli chini ya patini ya pointi ya mbele, unashusha polepole mpaka mbele ikae juu ya shandeli, na kriki inabaki nyuma. Njo hapa seti ya patini nne inaonyesha faida yake, juu shandeli nayo inataka patini, chuma yake ya meno isiguse gari. Pine za upande wa pili ziwekewe kale (vizuizi) mbele na nyuma, gari iwe kwenye P, na chini ya kriki kuwe sima ama ubao mpana. Udongo wetu ukilowa kriki inazama kama kisu mu fufu.

Lakini kama garaji iko na ponti ya mikono, ile mashine ya kunyanyua gari nzima, enda kule, lipa kidogo zaidi. Patini nne, mikono minne, gari inapanda sawasawa na fundi anasimama wima anafanya kazi yake. Kwa breki na suspansio mimi sasa napeleka kwenye ponti tu, kriki naiacha kwa pine peke yake. Wakati wa kurudisha pine, nati ni za soketi ya 21 na nguvu yake ni nyutoni-mita 175, mwambie fundi akaze kwa kle ya kupima nguvu, ile bomba ndefu ya kuruka na miguu inaharibu uzi wa bulo.

Wenye gari zingine musinunue kwa kuona picha yangu. Nissan Leaf haina mashimo ya namna hii, pointi zake ziko kwenye ukingo wa chuma chini ya milango, zimewekewa alama, na patini yake ni ile yenye mfereji katikati ili ukingo uingie ndani. Patini ya kichwa ya Tesla huko haina kazi. Model S na Model X zenye suspansio ya hewa ziko na kitu kingine, lazima kwanza uwashe hali ya kriki kwenye skrini, la sivyo gari inajaribu kujisawazisha yenyewe wakati fundi anainyanyua.

Zangu naziweka mu kofa ya mbele mu kifuko kimoja pamoja na soketi ya 21, kale mbili na brashi ya meno ya zamani. Ile brashi ni ya kutoa udongo mu mashimo mbele ya kuingiza patini, juu udongo ukikauka mle kichwa hakiingii mpaka mwisho, patini inakaa imeinama, na kwado hataona.