Oveni ya bati ya mafundi wa Ngamiani: inaoka nini na inashindwa wapi

Nianze na jibu ili mwenye bando dogo asihangaike kusoma yote. Oveni ya bati ya mkaa, zile wanazounda mafundi bati huku Ngamiani, Tanga mjini, inafaa, nunua, ila kama unanunua kwa ajili ya mkate wa kumimina basi hela yako weka, sufuria na makaa juu ya mfuniko bado inaishinda. Vileja, keki, skonzi, samaki, hapo sasa ndo utaipenda.

Ya kwangu ni sanduku la bati tu, msije mkafikiria kitu cha ajabu, halina waya halina swichi. Chini lina bati zito la kupokea moto, unalikalisha juu ya jiko la mkaa la kawaida, ndani kuna reli za kusukumia trei mbili, juu kingo zimenyanyuliwa ili ukipalia makaa yasidondoke, mlango mbele na kitundu nyuma cha kutolea mvuke. Kuta ziko mbili mbili, bati la ndani na bati la nje halafu katikati fundi kajaza majivu, na hiyo ndo sehemu ya kuulizia kabla hujatoa hata mia, maana kuna wanaounda ukuta mmoja, bei iko chini kidogo lakini joto lote linatoka nje, wewe unalowa jasho na keki bado mbichi. Swali la pili ni geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Namba ikiwa ndogo bati ni nene, kwahiyo 28 ni nzuri kuliko 30, na ukiambiwa 32 muage vizuri uondoke, hiyo moto wa wiki chache tu inaanza kujikunja.

Nimelipa 60,000, bei ya kuanzia ilikuwa 80,000 na tukavutana pale mpaka jirani yake akaingilia kati. Fundi mwenyewe simtaji. Mikono yake ina akili kwakweli ila ahadi zake ni mtihani, watu husema Tanga waja leo waondoka leo, kwake yeye ni waja leo warudi kesho, na kesho ukifika unakuta bati lako bado limeegemezwa ukutani halijaguswa anakwambia "bi dada kaa kidogo nakumalizia sahivi". Kaa wewe. Mi nilikaa kwenye kigoda nikawa namwangalia anavyokata na mkasi wa bati, anakunja kingo juu ya kipande cha reli kwa nyundo ya mbao, anapiga ribiti, hamna kuchomelea hata sehemu moja, na nikiri kukaa kwangu pale kulisaidia kwasababu kila kitu nilichokitaka nilikitaja kikiwa bado hakijakunjwa. Nikamwambia fundi kitundu cha nyuma niwekee na kifuniko cha kusogeza, akaweka. Nikamwambia trei moja iwe na kina kirefu, ya samaki, akaweka. Hapo ndo duka la oveni za umeme linaposhindwa, pale unachukua ilivyo, huku kwa fundi unashonewa kwa kipimo chako.

Sasa kabla hujaoka chochote. Mabati haya yana zinki juu yake, kwahiyo siku ya kwanza ipeleke uani, iwashie moto ikiwa tupu, muda mrefu kiasi, mpaka ile harufu ya kiwandani iishe kabisa, afu ikipoa ifute na kitambaa chenye mafuta ya kula. Na chakula usikilaze moja kwa moja kwenye bati, haswa chenye ndimu, ukwaju au nyanya, ile chachu inaila zinki na inaingia kwenye chakula. Tumia sinia la alumini, chombo cha udongo, au tandika jani la mgomba, ambalo mi naona ni zuri kuliko karatasi ya kuokea na halinunuliwi. Jingine ambalo silifanyii mzaha ni kuoka ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa mkaa una kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, mtu anasinzia haamki. Oka uani, barazani, penye upepo. Mvua ikinyesha ahirisha, keki haiendi popote.

Joto unalijuaje wakati hamna mshale wala kitufe? Unga. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati, ingiza, hesabu dakika 5. Ukitoka na rangi hafifu tu moto ni mdogo, ukitoka wa dhahabu ni moto wa keki, ukitoka kahawia iliyoiva sana ni wa skonzi na vitu vinavyotaka kushtuliwa, ukitoka mweusi punguza makaa kabla hujaunguza mayai ya watu. Ni mbinu ya kizamani ya mabibi kabla ya oveni zenye vipimo na inafanya kazi vizuri mno. Kupunguza ni rahisi, unafukia makaa ya chini na majivu yenyewe, wala usimwage maji.

Vileja ndo vilinifanya niiheshimu hii oveni. Unga wa mchele, samli, sukari, yai, hiliki, tone la rangi katikati, kawaida kwenye sufuria vinaungua chini juu vimebaki vyeupe, sasa hapa vimetoka vyote rangi moja, vinavunjika mdomoni. Makaa mengi yaweke juu, chini acha machache yaliyofifia. Na vikitoka usiviguse vikiwa vya moto, vinamomonyoka vyote, viache kwenye trei vipoe. Keki nayo inapanda vizuri ila kona ya kushoto ya oveni yangu ina moto kuliko kwingine, nadhani bati la chini halikukaa sawa, kwahiyo katikati ya safari naizungusha trei. Kila oveni ya fundi itakuwa na kona yake, itafute ya kwako.

Haya tuje kwenye mkate wa kumimina, maana najua kuna mtu kashaanza kununa. Ule mkate unaanza kuivia chini. Mchele umelowekwa ukasagwa na tui zito, hamira, sukari, hiliki, umeumuka, ukimimina kwenye sufuria iliyokwishapata moto yale mapovu yanapanda kutoka chini kwenda juu na ndo yanaacha vile vitundu, halafu ukishaanza kushika ndo unapalia makaa juu upate rangi. Ndani ya oveni sinia linazungukwa na hewa ya moto, kwahiyo hupati ule moto wa kushtua chini, mkate unashika pande zote kwa pamoja, unatoka mzito, umeziba, vitundu vya kuhesabu. Nimejaribu kulipasha moto sinia kwanza ndo nimimine, ukaboreka, lakini bado ukiuweka karibu na wa sufuria hata mtoto anajua achukue upi. Fundi akikwambia oveni yake inaoka kila kitu mwambie haya bwana, ila huu hapana.

Mkaa. Najua wimbo wa sasa ni nishati safi na mi siupingi, na mkaa wenyewe bei inapanda tu, kwahiyo nimeanza kuchanganya. Juu ya oveni naweka vifuu. Huku nazi zinakunwa kila siku, vifuu vinarundikana nyuma ya nyumba, vikikauka vinawaka kwa ukali kweli ila haraka, ndo moto unaoutaka kwa kugeuza rangi ya juu dakika za mwisho. Makumbi hapana, yana moshi utafikiri unafukuza mbu. Na msimu wa machungwa ya Muheza maganda usitupe, yaanike juani, yale yana mafuta, yanawashia moto vizuri bila kumwagia mafuta ya taa, na chakula hakichukui harufu mbaya. Maganda mengine nayakata nyuzi nyuzi, nayachemsha na kumwaga maji mara kadhaa kutoa uchungu, afu nayapika na sukari mpaka yang'ae. Hayo nayaweka kwenye boflo lililolala, ambalo nalikatakata, namwagia maziwa yaliyopigwa na mayai na hiliki, linakaa mpaka linyonye, linaingia oveni. Jina sijalipa. Nyumbani wanaliita lile la Jumapili na halifiki usiku.

Samaki pia msisahau. Changu wa pale Deep Sea, soko letu la samaki, mpasue mgongo, chumvi, ndimu, pilipili, kitunguu saumu, alale kwenye jani la mgomba ndani ya ile trei ya kina, akikaribia kuiva mpake tui zito lililochemshwa na bizari, mrudishe, mpake tena. Sio sawa na wa kupaka wa juu ya makaa, ule moshi hamna, lakini hakauki na huna haja ya kusimama na upepeo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ukishakuwa na hii oveni nyumba nzima inageuka karakana. Vifaa vyake havipo dukani, unavibuni. Makopo ya tuna na ya nyanya, toa karatasi, chemsha, kunja ule mdomo mkali kwa koleo, tayari ni vyombo vya keki ndogo, ila kagua ndani, likiwa na ule utando mweupe au wa rangi liache kwa ajili ya kupandia mimea. Debe la mafuta ya kula ukilipasua unapata trei mbili nzuri tu. Glavu nimeshona kutoka mguu wa jinzi kuukuu, tabaka tatu, katikati nikaweka kipande cha blanketi, na kona ya kanga ikawa kitanzi cha kuning'inizia. Sinia likitoka la moto naliweka juu ya kata, kata kabisa kama ya kubebea ndoo, lakini nimeisuka kwa singa za katani badala ya kitambaa. Na hapo acha niseme kidogo, sie Tanga mkonge upo toka yule Mjerumani Hindorf alipouleta 1893, miche elfu moja ikasafirishwa ikafika hai 62 tu ikapandwa kule Kikokwe Pangani, leo ni mashamba kwa mashamba, na bado mtu wa hapa hapa anaenda kununua vitandiko vya plastiki vinavyoyeyuka. Katani kidogo tu inatosha. Chovya kwenye maji, sokota, zungushia, shonea na uzi wa nailoni, hapana nimekosea, uzi wa pamba, nailoni na sufuria ya moto haziivi chungu kimoja.

Mapungufu sasa, maana hii ni rivyu sio tangazo. Mlango ndo ugonjwa wake. Bawaba ni waya uliokunjwa, umelegea mapema, pakabaki ufa moto unatokea hapo. Niliporudi kwa fundi jibu lilikuwa lile lile la kesho, nikaona isiwe tabu, nikakata ukanda kwenye kopo la maziwa nikaukunja mara mbili nikauingiza kwenye ule ukingo, na kitasa cha chuma kilichokuwa kinachoma vidole nikakivisha kipande cha mpini wa ufagio kilichotobolewa. Umekaza. Lakini kwa 60,000 sidhani kama mteja ndo anatakiwa kumalizia mlango, na hili mafundi wote wa kazi hii nawaomba walisikie, bawaba mbili za kabati la kawaida zingemaliza kesi.

La pili kutu. Upepo wetu una chumvi, kitu chochote cha bati ukikiacha nje usiku kinaanza kupata madoa, na pale fundi alipotoboa kwa ajili ya ribiti ile zinki imeshatoka kwahiyo kutu inaanzia hapo hapo. Naifuta, naipaka mafuta kidogo, naifunika na kava nililolishona kwa mfuko wa salfeti uliokuwa wa sukari. Mpaka sasa inakwenda. Uzito nao ni wa kufikiria, yale majivu ya kwenye kuta sio mchezo, mtu mmoja haibebi vizuri, na kwa nyumba za kupanga ambazo uani mnagombania nafasi inaweza kukuletea maneno na wapangaji wenzio.

Nani asinunue? Mwenye gesi na anaoka keki moja kwa mwaka ya bethdei, huyo ajifunze sufuria na mchanga yaishe, mchanga mkavu chini, kigae juu yake, chombo juu ya kigae, mfuniko, moto mdogo, anapata keki safi bila kununua sanduku. Na anayetaka kuoka mikate ya biashara pia asinunue saizi hii, trei mbili haziendi popote, aagize ile kubwa ya pipa. Lakini kwa nyumba yenye watoto wanaoulizana "leo tunapika nini kipya", au dada anayetaka kuuza vileja vya sikukuu kwa majirani, bei yake na oveni ya umeme haziko hata karibu, na umeme ukikatika wewe unaendelea.

Ukienda kuagiza nenda asubuhi kabla jua halijawachosha, pesa toa nusu nyingine ibaki mpaka ufungue na kufunga mlango kwa mkono wako mwenyewe, na kabla hujatoka nyumbani pima upana wa jiko lako kwa kamba uende nayo, maana fundi hatakuuliza, atakuundia ya saizi anayoijua yeye, ukifika nayo nyumbani inacheza juu ya jiko.